Sahihi Aliyoikataa Fundi Ke Shouyi Saa Sita Mchana

Ndugu waombolezaji, ni nani kati yenu ambaye hajawahi kumwita marehemu aje kumzibia bomba la jikoni? Msione haya, mtaa wetu mzima hapa Wuchang ulimjua Mzee Ke Shouyi kama fundi bomba, kwa kuwa kila alipoulizwa kazi yake kiwandani alijibu, "Naunga mabomba," na kiapo cha siri hakikumruhusu kuongeza neno, akachukua spana akaja kuwazibia. Mabomba yenyewe yalikuwa mirija ya chuma inayosimama wima ndani ya nyambizi ya dizeli na betri, na humo ndimo hukaa makombora. Leo picha za nyambizi hiyo zimejaa magazetini, kwa hiyo tunasema bila woga.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Machi 1957 huko Huangpi, mtoto wa nne wa wakulima wa mpunga, akasoma hukohuko hadi akamaliza sekondari mwaka 1975, na tarehe 2 Septemba 1978 akaingia kiwanda cha meli kando ya Mto Yangtze kujifunza uchomeleaji chini ya Fundi Xiong, ambaye alimfundisha kwanza kunyamaza, kisha kupima, moto ukaja mwisho.

Tarehe 1 Oktoba 1990 alimwoa Bi. Shu Caixia, mpika tambi wa kantini ya kiwanda, aliyezoea kumtania, "Baba Yuqiao, waume wa wenzangu wanarudi na sifa, wewe unarudi na masizi tu," naye akicheka bila kujitetea. Walijaliwa binti mmoja, Yuqiao, aliyezaliwa tarehe 19 Juni 1997, mhitimu wa uhandisi wa meli, asiye na kazi hadi leo, ambaye ndiye anayewasomea historia hii, shahada yake iko kabatini inakula vumbi, tuendelee.

Mwezi Julai 2009 marehemu alisimamia uchomeleaji wa mrija wa kwanza, na kanuni ya mafundi ilikuwa kuupima alfajiri tu, kwa sababu jua la jiji letu la Wuhan likishapiga ubavu mmoja wa nyambizi, chuma hutanuka upande huo na kila kipimo kinakuwa uongo. Lakini tarehe 21 wageni wakubwa walikuwa njiani, mkuu wa karakana, Bwana Pang, akaamuru upimwe saa sita mchana, ukaonekana umenyooka kama mshumaa.

"Fundi Ke, weka sahihi, watu wana ratiba."

"Bosi, jua halina ratiba yenu. Njoo kesho alfajiri, ukikuta umenyooka nitasaini hata mara kumi."

"Unajifanya profesa, wewe mchomeleaji?"

"Profesa akikosea anafuta ubao, bosi. Mimi nikikosea, watu sitini hawarudi juu."

Kwa jibu hilo aliandikiwa mstari katika faili lake, lile linalomfuata mtu tangu shuleni, kwamba ni mkaidi na mvuruga kazi, akapelekwa stoo kuhesabu glavu. Mwezi Novemba wakaguzi walipima alfajiri, wakakuta mrija umeinama kwa unene wa ukucha, kiasi cha kombora kukwama humo ndani, wakamfuata stoo, naye akaukata na kuuchomelea upya kwa siku kumi na tisa bila kumsimanga mtu. Ngao ya pongezi ilipewa karakana nzima, ila ule mstari ulibaki.

Alistaafu tarehe 31 Machi 2017, akaanza kuugua mapafu Agosti 2022, na alifariki tarehe 6 Novemba 2024, saa moja asubuhi, akiwa na miaka 67. Siku mbili kabla alimuuliza mkewe, "Mama Yuqiao, ule mstari wameufuta?"

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya mapafu, majirani waliotuletea supu ya mizizi ya yungiyungi kila jioni, na mafundi wenzake waliombeba leo. Lala salama, baba, kazi yako imesimama wima chini ya bahari.

Nawe Bwana Pang, uliyekaa safu ya mbele na ua jeupe kifuani, pamoja na wakuu wenzako: mwili wake unachomwa leo, na majivu yake yanazikwa Jumamosi. Kabla ya hapo fungueni lile faili, futeni ule mstari, na muandike palepale, kwa mhuri mwekundu, kwamba Ke Shouyi alisema kweli.