Jino Lililopigwa Msasa

Fundi magari aliyekaa mbele yangu kwenye basi alikuwa ameng'olewa jino asubuhi hiyo na spana iliyomponyoka. Akamfunulia jirani yake, mama muuza maziwa, leso yenye jino hilo. "Nampelekea daktari alirudishe. Nimelisafisha kwa sabuni, nikalipiga msasa." Kweli, lilikuwa linang'aa kuliko yote yaliyobaki mdomoni.

"Msasa? Ungelitia kwenye maziwa lisife, ukimbie kwa daktari! Lilipokuwa mdomoni hukulisugua, leo limetoka ndiyo umekuwa msafi?"

"Nilipita nyumbani kuoga pia, mama. Siwezi kwenda kwa daktari na grisi."

"Na jino likakusubiri uvae?"

Basi likasimama mlangoni mwa hospitali. Fundi akainuka, akampa mgongo. "Hebu niangalizie, mama, shati halijajikunja?"