Josepha Ndayikunda na Kitambaa cha Kijani

Baba Paroko, viongozi wa kijiji, wakwe zetu, majirani na mafundi wa soko la Kibondo, familia inaomba mtulie kidogo, maana historia hii inaanza tofauti na mlivyozoea kuisikia, na ni marehemu mwenyewe aliyeagiza isomwe hivi.

Marehemu Josepha Ndayikunda alizaliwa mwaka 1971 nchini Burundi, tarehe na kijiji havijulikani. Tarehe 21 Mei 1972 mzee Tharsisi, mkulima wa Murungu, alirudi kutoka Mabamba, mpakani, akiwa na mama mmoja mkimbizi aliyekuwa hoi, amebeba mtoto mchanga, na mama yule alifariki siku ya tatu kabla hajapata nguvu ya kusema ametoka wapi. Winifrida, mke wa Tharsisi, alikuwa akimnyonyesha mwanawe Leonidasi wa miezi mitano, akampakata na huyu wa pili, mmoja kulia, mmoja kushoto, na katika nyumba ile neno mtoto wa kuokota halikutamkwa kamwe. Alibatizwa tarehe 24 Juni 1972.

Alipofikisha miaka kumi na miwili, mama Winifrida alimpeleka kwenye kaburi la yule mama, wakapalilia wote wawili, akamweleza kila kitu kwa upole. Tangu siku hiyo swali moja lilimkaa Josepha moyoni, kwamba je, yeye ni wa ukoo ule au ni mgeni aliyetunzwa vizuri, na hakumuuliza mtu, kwa sababu aliogopa jibu.

Alisoma shule ya msingi Murungu kuanzia mwaka 1980 hadi 1986, akajifunza ushonaji kwa masista, na mwaka 1989 akaweka cherehani yake sokoni Kibondo, ambako wengi mlioko hapa mmevaa sare alizozishona. Alikuwa mkali wa pindo, hata basi lipige honi vipi, mteja hakuondoka na nguo iliyopinda. Hapo sokoni ndipo mwalimu Elisante, aliyehamishiwa Kibondo kutoka Same, alipoleta suruali moja kupunguzwa mara tatu, mpaka Josepha akamuuliza kama shida yake ni kaptula, na tarehe 19 Septemba 1992 wakafunga ndoa takatifu, wakajaliwa watoto watatu, Didas, Loyce na Herieth, na wajukuu wanne.

Mwaka 2014 ukoo wa mzee Ndihokubwayo, babu yake Leonidasi, uliitisha mkutano mkuu Kasulu, ili historia ya ukoo na majina ya watu wake wote yaandikwe katika kitabu kimoja. Babu aliacha matawi matano, kila tawi likachagua rangi ya kitambaa cha mabegani, kijani ikiwa ya watoto wa Tharsisi, na kazi ya kushona ikapewa Josepha. Alishona vitambaa mia mbili na kumi na viwili kwa kufuata orodha aliyoletewa, na jina lake halikuwamo kwenye orodha, naye akashona vyote.

Alhamisi tarehe 3 Julai alipanda basi la Kasulu akiwa amepakata mzigo wake, amekataa usipandishwe juu kwa sababu ya vumbi. Jumamosi yake, kwenye meza ya kujiandikisha, binti mmoja alimuuliza ni wa tawi gani, akajibu, “Mimi ni fundi tu, mwanangu, nimeleta vitambaa,” kisha akaenda kukaa na wapishi, akaanza kumenya ndizi.

Leonidasi, aliyetoka kwake Kitanga, alimsikia. Ni mtu asiyependa kusimama mbele za watu, lakini siku hiyo alisimama, na katibu alipomweleza kwamba utaratibu ni kuandika waliozaliwa na walioolewa, alisema, “Huyu na mimi tumenyonya ziwa moja. Kama hana nafasi, basi na mimi nifuteni.” Ndipo shangazi yao Esteri, mwenye miaka themanini na mitatu, aliposema kutoka kwenye kiti chake, “Nilikuwapo. Niliwabeba mgongoni kwa zamu, na aliyekuwa msumbufu si Josepha.” Watu wakacheka, na katibu akaandika kwenye mstari mmoja, Leonidasi na Josepha, watoto wa Tharsisi na Winifrida.

Kitambaa cha kijani hakikuwa kimebaki hata kimoja, ndipo Leonidasi alipochukua mkasi wa dada yake na kukata cha kwake katikati, vibaya kabisa, na Josepha akalia, na huku analia akamgombeza kwa kukata upande. Alikataa kupigwa picha na kitambaa kinachotoa nyuzi, wote wakamsubiri ashone pindo la nusu yake kwa mkono, na nusu ya Leonidasi akaahidi kuishona siku akifika Kibondo. Aliporudi nyumbani, mwalimu Elisante alimuuliza habari za mkutano, naye alijibu neno moja, “Nimeandikwa.”

Mwezi Septemba alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi, akagundulika kuwa na ugonjwa wa moyo. Leonidasi alikuja Krismasi na nusu yake, akamtungia uzi kwenye sindano, lakini vidole vya Josepha vilikuwa vimevimba, akaomba wasubiri apate nafuu. Alifariki katika hospitali ya Kibondo, Alhamisi tarehe 12 Februari 2015, saa kumi na moja alfajiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani mliopika na kukesha nasi, na mafundi wa sokoni mliofunga cherehani zenu siku mbili hizi. Ndani ya jeneza amefunikwa mabega kwa nusu yake ya kijani, yenye pindo lililonyooka. Leonidasi ameketi hapa mbele na nusu yake, nyuzi zinaning'inia kama mnavyoona, na tangu juzi mafundi wawili wameomba kumshonea, amekataa, anasema ana fundi wake.

Pumzika kwa amani, Josepha, mtoto wa Winifrida.