Dada Yetu Mshonaji, Tuliyemwita Sindano

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1983, mtoto wa tatu wa seremala na mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya baba yake. Alisoma hadi kidato cha nne. Katika somo la ushonaji aliwahi kufumua pindo zima, tena na tena, kwa ajili ya mshono mmoja uliopinda, na mwalimu akamsifu mbele ya darasa. Hakuna aliyejiuliza mtoto yule alikuwa anaogopa nini.

Mwaka 2004 alifungua kibanda cha kushona nguo za maharusi. Wateja walimwambia, "Fundi, wewe hata ukivaa gunia litakupendeza." Alicheka, kisha mlango ukifungwa anajipima kiuno. Sisi ndugu zake tukambandika jina la Sindano, tukaona ni sifa. Mwaka 2009 aliolewa na fundi umeme, naye ndiye wa kwanza kugundua kwamba sahani ya mkewe ilikuwa ikichafuliwa tu, hailiwi.

Ugonjwa wake ulikuwa wa kula. Tuuseme hivyo, maana katika familia hii umeitwa vidonda vya tumbo, maringo na hata kurogwa. Alipolazwa mwaka 2020, mshauri wa hospitali alitueleza kwamba kumshurutisha kula hakutoshi. Wembamba ndio kitu ambacho tulikuwa tumemsifia tangu utotoni, na kwake yeye kupona kulikuwa kama kunyang'anywa. Mshauri akatuomba mwili wa marehemu usizungumzwe kabisa, hata kwa nia njema.

Mumewe alitii. Walikula pamoja wakibishana kuhusu redio ya jirani. Siku alipojisahau akampongeza kwa kumaliza, marehemu alimjibu taratibu, "Nisifu gauni nililoshona. Sahani yangu usiitolee macho." Akaanza kupona. Akarudi kuimba kazini.

Desemba 2022 ikaja sherehe ya binamu yetu. Kila mtu alikuwa ameshaelezwa. Shangazi akamshika shavu mlangoni: "Sindano wetu kafutuka! Mkwe, unamlisha nini?" Ukumbi mzima ukacheka. Marehemu naye akacheka. Siku hiyo hakugusa chakula, na kuanzia hapo mumewe alikula peke yake. Moyo wake ulisimama tarehe 17 Mei 2023. Asije mtu hapa kusema Mungu amempenda zaidi.

Kamati ya mazishi ilichagua kwa jalada la kijitabu hiki picha ya mwaka aliolazwa, eti hapo alitoka mrembo. Mumewe aliikataa. Mliyonayo mkononi ni ya kibandani: mashavu yamejaa, mdomoni mna tonge, anamkaripia mpiga picha. Huyo ndiye tunayemzika.

Ameacha mama, mume, kaka wawili, na binti wa miaka kumi na miwili, ambaye asubuhi hii hapa msibani ameshaambiwa na watu wawili kwamba amerithi umbo la mama yake. Wa tatu asithubutu.

Apumzike kwa amani, mahali asipopimwa na mtu.