Profesa Tafuta na Mashine Iliyojifunza Kusema Sijui

Ndugu, jamaa, majirani na wote mlioacha shughuli zenu kuja kumsindikiza, familia imemteua mdogo wa marehemu asome historia hii, kwa kuwa sauti yake inazishinda spika zilizokodiwa, naye anaahidi kutotia chumvi, isipokuwa pale ambapo ukweli umekuja na chumvi yake.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1963, mtoto wa kwanza wa karani wa reli na mshona nguo, katika nyumba ya vyumba vitatu nyuma ya stesheni, ambamo treni ikipita vikombe vinagongana kabatini, na humo ndimo alimopewa jina la Tafuta, kwa sababu kitu kikipotea, iwe ufunguo, miwani ya baba au mkasi wa mama, hakupindua magodoro kama wadogo zake, bali alimkalisha aliyekipoteza na kumuuliza, "Mara ya mwisho ulikuwa unafanya nini?", akauliza tena na tena, mpaka kitu kikapatikana na mwenye hasira akabaki anacheka.

Alianza shule ya msingi Januari 1970, na mwaka 1972 mjomba wao, fundi redio, yule pale mstari wa mbele mwenye kofia mkononi, akahamia nyumbani kwao, naye hata wiki hajamaliza mjini alisimamishwa na mgeni anayeuliza posta, akamwambia nyoosha, kata kushoto kwenye duka la bluu, huwezi kupotea, mgeni akaenda, akarudi jasho linamtiririka, Mjomba akamwelekeza kulia kwa uhakika uleule, ndipo Tafuta akauliza, "Mjomba, kwani posta unaijua?", naye akajibu, "Mama, mtu akikuuliza mpe jibu, usimwache mikono mitupu."

Jibu hilo lilimkera, akalibeba hadi sekondari, alikohitimu mwaka 1981, akalibeba hadi chuo kikuu, alikopata shahada ya hisabati mwaka 1986, na tarehe 1 Septemba 1988 akaajiriwa mhadhiri msaidizi, akapewa chumba cha kona kinachovuja juu ya meza, humo akaanza kutafiti jinsi kompyuta inavyoweza kumtafutia mtu taarifa katika lundo la maandishi, wakati ambapo ndugu zake walidhani kompyuta ni televisheni iliyoharibika.

Tarehe 14 Desemba 1991 alifunga ndoa na fundi umeme wa chuo, aliyeitwa kubadilisha fyuzi ya maabara, akarudi kuikagua mara nne ingawa ilishapona, wakajaliwa binti, ambaye ni mwalimu, na kijana, ambaye ni mpishi.

Alipata shahada ya uzamivu mwaka 1996, akawa profesa mwaka 2009, maprofesa wa ng'ambo wakapanga foleni kumsalimia, picha zipo, asiyeamini aje nyumbani azione, na wakati huo alikuwa ameshaingia kwenye akili bandia, yaani mashine inayozungumza na mtu kama jirani, ambapo kila mashine ilipojibu kitu isichokijua, wanafunzi wake waliandika ubaoni neno moja, "Mjomba".

Mwaka 2016 aliongoza kazi ya kuiundia hospitali moja mashine ya kujibu maswali ya wagonjwa kuhusu dawa, na siku ya majaribio akaiuliza kipimo cha Chekazoli, dawa isiyokuwepo duniani, aliyoitunga mwenyewe akinywa chai, mashine ikajibu bila kigugumizi, vijiko viwili asubuhi na jioni baada ya chakula, maabara nzima ikaangua kicheko, lakini yeye hakucheka, akasema, "Huyu ni Mjomba, na Mjomba hakabidhiwi chupa ya dawa", wakubwa wa mradi wakamwambia mashine inayosema sijui haina mnunuzi, akakataa kutia saini, wakamvua uongozi, akarudi kwenye chumba chake kinachovuja, akaifundisha mashine nyingine kusema, "Sijui, ngoja tumuulize anayejua", na mwaka 2019 hospitali ileile ikaja yenyewe kuiomba hiyo, nayo iko kazini hadi leo.

Tarehe 6 Novemba 2023 aligundulika kuwa na saratani ya ini, akaiuliza mashine yake kama atapona, ikamjibu haijui, akamuuliza daktari, naye akajibu hajui, akawashukuru wote wawili, lakini Jumapili ya tarehe 9 Juni 2024 Mjomba alipoingia wodini, wote waliokuwepo waliinamisha vichwa, wakijua atamwahidi kupona kabla ya Ijumaa, Tafuta akamuuliza, "Mjomba, nitapona?", mzee akaizungusha kofia yake, akaizungusha tena, akasema, "Sijui, mama", na marehemu akacheka mpaka muuguzi akaja mbio, akamshika mkono, akamwambia, "Sasa naweza kukutuma posta."

Alifariki Ijumaa tarehe 14 Juni 2024, akiwa na miaka sitini na mmoja, akishikwa mkono na mumewe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, hasa yule aliyesema ukweli, majirani walioleta viti bila kuombwa, na wenzake wa chuoni, ambao wameacha neno "Mjomba" kwenye ubao wa maabara bila kulifuta, na inatangaza kwamba msafara wa makaburini utaongozwa na mume wa marehemu, maana asubuhi hii mgeni mmoja alimuuliza Mjomba njia ya makaburini, naye, mbele ya mashahidi, akajibu, "Sijui, ngoja tumuulize anayejua."

Umesikika, Tafuta, sasa pumzika kwa amani.