K ya Kwenye Chupa ya Fundi

Benchi letu liko mbele ya kibanda cha Fundi Cherehani, na asubuhi ile kila mtu alikuwa na kikombe chake cha kahawa isipokuwa Fundi mwenyewe. Yeye alikuwa na glasi ya maji na chupa ya vitamini aliyoletewa na binti yake anayeolewa Jumamosi. Tangu donge la damu limkamate mguuni mwaka jana, Fundi humeza kila jioni dawa ya kuzuia damu kuganda, na hofu yake ni moja tu: mguu usije ukavimba tena, harusi akaisikilizia kwenye simu akiwa wodini. Chupa aliishika Kamusi, mshona viatu, ambaye hajawahi kushindwa na swali, na pembeni yake alikaa Breki, dereva wa malori.

Kamusi: Maandishi ya kigeni haya, ila herufi zinasomeka. A, B, C, D, E, K. Haya ni maelekezo, mzee. A, asubuhi. B, baada ya kula. D, daima.

Breki: C je?

Kamusi: C peke yake Kiswahili hakina. Hiyo ruka.

Breki: Na E?

Kamusi: Endelea.

Mimi: K?

Kamusi: K ni kahawa. Unasindikizia na kahawa.

Nakiri nilimsukumia Fundi kikombe changu. Asubuhi akili yangu hukubali lolote linalosemwa kwa kujiamini.

Fundi: Haitagombana na ile yangu ya jioni?

Kamusi: Vitamini ni chakula, bwana. Chakula kinagombana na nani? Tena anza na viwili. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Breki: Vitatu. Mchovya asali hachovyi mara moja.

Breki ameendesha malori miaka thelathini, na hakuna ugonjwa asioueleza kwa injini.

Breki: Ile ya jioni inalainisha damu, si ndiyo? Hiyo ni mafuta. Hii inaongeza damu, inakuwa nzito. Hiyo ni breki. Ukikanyaga vyote pamoja, gari linatulia.

Fundi: Si wewe uliyesema gari la hivyo linaungua?

Breki: Lile lilikuwa bovu tangu kiwandani.

Fundi akatoa kidonge kimoja, akakiweka kiganjani.

Fundi: Mtoto kaniletea kwa mapenzi. Jana kauliza kama nimeanza. Nikimwambia bado, ataona nimemdharau.

Binti yule tumemwona akikua, na kila mmoja wetu alitaka baba yake asimame Jumamosi. Ndipo akasema mama mmoja tusiyemjua, aliyekuja na mkoba uliokatika zipu.

Mama: Samahani, kaka. Aliyekuandikia hiyo ya jioni anajua kama unaanza hii?

Kamusi akachungulia kikombe chake. Breki akatazama barabara. Mimi nilikivuta kikombe changu taratibu.

Fundi akarudisha kidonge kwenye chupa, akampigia muuguzi wa kliniki yake. Simu yake husikika mpaka ng'ambo ya barabara.

Muuguzi: Nisomee herufi, baba.

Fundi: A, B, C, D, E, K.

Muuguzi: Hiyo K inaweza kuipunguzia nguvu dawa yako, damu ikaanza tena kuganda. Na E ikizidi, unaweza kuvuja damu. Umeshameza vingapi?

Fundi: Hata kimoja.

Muuguzi: Afadhali. Wengi hunipigia wakishamaliza nusu ya chupa. Dawa yako ya jioni endelea nayo kama kawaida, hii iache kwanza. Kesho njoo na chupa, tupime damu, daktari aamue.

Fundi: Jumamosi namwozesha binti yangu.

Muuguzi: Hongera. Mguu ukoje?

Fundi: Haujavimba. Hauumi.

Muuguzi: Basi kesho tukikuta damu iko sawa, nenda kacheze. Ukichoka, kaa.

Akakata simu, papo hapo akampigia binti yake, na safari hii aliibana simu sikioni, akaongea kwa sauti ya chini. Tulimsikia akieleza habari ya kliniki, kisha akamsikiliza.

Breki: Kakasirika?

Fundi: Analia. Anasema kesho ananisindikiza mwenyewe.

Akajifuta macho kwa kipande cha kitambaa, akanyoosha mkono kwa yule mama.

Fundi: Lete mkoba, dada. Zipu hii nakushonea sasa hivi, kesho sipo.