Mzee Kornelio Shemweta (1958–2025) na Baiskeli Iliyokuja na Mzigo Wake

Ndugu waombolezaji, familia ya Shemweta inawashukuru kwa kuupanda mlima huu wenye utelezi kuja kumsindikiza Mzee Kornelio. Mmeziona baiskeli zilizopangwa kando ya uzio, zimeoshwa na kupambwa, na katikati yake ile ya kijani ya marehemu. Siku zake za mwisho hakuhangaikia jeneza wala sare za kwaya. Alihangaikia jambo moja tu: yeye akiondoka, baiskeli ile itaendelea na kazi au itageuzwa pambo? Jibu lilipatikana juzi, naye hakuwahi kulisikia. Familia imeona lisomwe hapa, mbele yake.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Aprili 1958 katika kitongoji cha Kwemboza, Mlalo, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Elieza Shemweta na Bibi Naomi. Bibi Naomi alipenda kusimulia kwamba Kornelio, kabla hajaanza shule, alifunga maua ya porini kwenye mpini wa jembe la baba yake, akaeleza kuwa jembe nalo linapenda kupendeza. Mzee Elieza hakuyang'oa. Alilima nayo hivyohivyo, majirani wakimcheka, mpaka maua yakanyauka yenyewe.

Alisoma elimu ya msingi hapahapa Mlalo, mwaka 1966 hadi 1972, na mwaka uliofuata akapata kipaimara. Walimu walimsifu kwa hesabu na kumgombeza kwa kuchora magurudumu mahali palipotakiwa majibu.

Mwaka 1976 aliajiriwa katika mashine ya kupasua mbao huko Shume. Alifanya kazi kwa uaminifu hadi 1994 kazi ilipopungua, akarudi nyumbani kulima kabichi, karoti na viazi. Shamba lile ndilo lililosomesha watoto, na marehemu alilishukuru kwa sauti kila jioni akitoka, kama mtu anavyomuaga mwenyeji wake.

Akiwa Shume ndipo alipomwona Secilia, binti wa Mtae. Wakati huo alikuwa na baiskeli nyeusi nzito isiyo na gia, na barabara ya Mtae mnaijua. Mwenyewe alikiri kwamba nusu ya safari alipanda baiskeli, na nusu nyingine baiskeli ilimpanda yeye. Alifika ukweni matope hadi magotini, lakini kengele ikiwa imesuguliwa inang'aa. Baba mkwe alisema kijana anayetunza kengele namna ile hatashindwa kutunza mke. Walifunga ndoa takatifu tarehe 12 Desemba 1987, wakajaliwa watoto wawili, Alen na Vumilia.

Sasa tuifikie baiskeli ya kijani, maana bila hiyo wasifu huu ni wa mtu mwingine. Aliinunua Tanga mwaka 2006, katika mitumba iliyotoka Ulaya. Watu wa hapa waliziita baiskeli hizo chotara: magurudumu membamba ya barabarani, usukani wa kukaa wima, na gia za kupandia mlima. Marehemu hakuiacha ilivyokuja. Aliipaka rangi upya, akafunga taa, vioo viwili, redio ndogo, na shanga za plastiki kwenye spoku zilizolia gurudumu likizunguka. Nyuma ya madigadi alining'iniza kipande cha mpira kilichoandikwa MTAJIJU, yaani mtajua wenyewe.

Hakuwa peke yake katika ugonjwa huo. Kila tarehe 27 Desemba, watu wa mjini wakiwa wamerudi kula sikukuu, wenye baiskeli za Mlalo hukutana uwanjani kuoneshana walivyozipamba. Mwenyekiti wao ni Mzee Kassimu, muuza maziwa, rafiki wa marehemu wa kufa na kuzikana. Sheria ni moja: baiskeli lazima ije na mzigo wake wa kila siku. Mwenye maziwa aje na maziwa, mwenye mbao aje na mbao. Baiskeli isiyofanya kazi haishindani.

Mwaka 2011 marehemu alitaka ushindi kupita kiasi. Akaona keria ya nyuma, ile ya chuma anayofungia kabichi, inaiharibia baiskeli umbo. Akaing'oa. Aliingia uwanjani shanga zikilia, redio ikiimba, watu wakapiga makofi. Mzee Kassimu akaizunguka baiskeli polepole.

"Baba Alen, hii ni baiskeli au bibi harusi? Mzigo wake uko wapi?"

Kabla marehemu hajajibu, mkewe, Mama Secilia, alitokea kwenye kona ya uwanja, gunia la kabichi kichwani, jasho likimtiririka.

"Shikamoo, Mwenyekiti. Mzigo wake ndio huu. Baiskeli imevaa nguo za sherehe, kwa hiyo nimebeba mimi."

Uwanja mzima ulicheka mpaka maziwa yakamwagika. Marehemu aliona aibu ya kweli. Alimtua mkewe gunia lile mbele ya watu, akaliweka begani, akalifikisha mwenyewe sokoni. Jioni ileile alikwenda kwa fundi kuichomelea keria upya, safari hii kwa chuma kinene zaidi, na juu yake akaweka mto uliofunikwa kitenge, Mama Secilia akichoka apate pa kukaa. Tangu siku hiyo hakung'oa tena kitu chochote chenye kazi.

Keria hiyo ndiyo iliyompa mwaka mmoja wa nyongeza. Tarehe 19 Aprili 2024 marehemu alipatwa na kiharusi akiwa shambani. Mvua za masika zilikuwa zimeporomosha mlima, na gari la kumpeleka hospitali Lushoto lilikwama ng'ambo ya maporomoko. Mzee Kassimu akaita wenye baiskeli. Walimkalisha marehemu juu ya keria yake, juu ya ule mto wa kitenge, wakamfunga kwa khanga ya mkewe. Wengine wakasukuma, wengine wakamshikilia ubavuni, wakavuka tope hadi kwenye gari. Daktari aliiambia familia kwamba angecheleweshwa zaidi, asingepona. Familia haina namna ya kuwalipa, ila inasema mbele ya wote: asanteni sana. Mungu awakumbuke.

Alirudi nyumbani mkono wa kushoto ukiwa umelegea. Kazi ya kwanza aliyoifanya ni kuhamishia breki zote mbili upande wa kulia. Ya pili, alitoa kile kipande cha mpira cha MTAJIJU, akaandika kingine: HONGEA. Kwa wageni, hilo ni neno la Kishambaa, maana yake asante. Hakuweza kupanda tena, lakini aliisukuma kila siku hadi kanisani na sokoni, akiiegemea kama fimbo. Desemba iliyopita alifika uwanjani, keria ikiwa tupu, na Mzee Kassimu akamuuliza kwa utani uleule mzigo uko wapi.

"Mzigo ni mimi, Mwenyekiti. Umeshika usukani."

Walimpa ushindi, na hapakuwa na aliyebisha.

Alen, anayeishi Tanga, aliomba baiskeli hiyo akaitundike ukutani sebuleni, wajukuu wamkumbuke babu. Alisema kwa upendo. Marehemu alimjibu: "Mwanangu, ya ukutani ni picha. Mimi sikununua picha." Hawakuelewana, na marehemu alilala usingizi wa mauti, Jumatano tarehe 21 Mei 2025, baada ya kiharusi cha pili, jambo hilo likiwa bado linaning'inia.

Alhamisi mvua ilinyesha, na gari lililobeba msalaba huu likashindwa kupanda hapa. Alen mwenyewe alishuka na baiskeli ya baba yake. Aliufunga msalaba kwenye keria kwa mpira wa tairi, akaupandisha mlima peke yake, shanga zikilia njia nzima. Alipofika uani, matope hadi magotini, alimwambia mama yake huku akilia: "Mama, ukutani haifai. Mpe Vumilia." Vumilia ndiye anayelima shamba la baba. Kuanzia Jumatatu karoti zake zitakwenda sokoni juu ya keria hiyo. Mzee Kassimu alikuwepo. Aliizunguka baiskeli polepole, akaushika msalaba, akasema: "Imekuja na mzigo wake. Ipite."

Marehemu ameacha mjane, Mama Secilia. Watoto, Alen na Vumilia. Wajukuu, Clemence na Naomi. Na ndugu, jamaa na marafiki ambao shukrani zake kwao zimeandikwa nyuma ya madigadi.

Apumzike sasa kwa amani, mzigo umefika. Hongea, Kornelio.