Kiwiko Mbele: Mwalimu Mulei Anatuacha

Leo, Ijumaa tarehe 17 Oktoba 2025, Mwalimu Mulei Nzau anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya ualimu, mingi yake hapa katika shule yetu ya wasichana, juu ya soko la Kikima. Amefundisha Jiografia, amefundisha michezo, na kila Ijumaa alasiri amefundisha wasichana jinsi ya kuzuia kofi. Mwalimu Mkuu ameniomba kurasa mbili za uchangamfu kuhusu maisha yake ya kazi. Uchangamfu nitautia pale utakapoingia.

Tuanze na mtu mwenyewe, kwa maana wageni wengine mnamjua kwa sauti tu. Mulei si mnyenyekevu hata kidogo. Ana maoni juu ya kila kitu, kuanzia uji wa mpishi hadi namna mimi, mtu wa Murang'a, ninavyotamka majina ya Kikamba. Katika majilisi ya walimu kiti cha dirishani ni chake, na mgeni akikikalia hupewa mhadhara. Viatu vyake hung'aa hata msimu wa matope. Tukishindwa voliboli, refa ndiye mbaya. Tukishinda, kocha ana akili. Kuomba radhi hakukuwa katika silabasi yake, na nasema hivyo nikiwa nimekaa naye meza moja miaka kumi na minane.

Alianza kazi Migwani mwaka 1991, kijana mwembamba mwenye nguvu nyingi na jioni ndefu zisizo na shughuli. Jumamosi alikuwa akienda mjini Kitui kujifunza kung fu kwa fundi cherehani mmoja, Kitonga, ambaye naye aliisomea Nairobi. Kitonga alifundisha nyuma ya duka lake, na alifundisha kwa ukali. Kinga yake kuu ilikuwa ya kale na ya kupendeza. Unapanua miguu na kukunja magoti kana kwamba umempanda farasi. Ngumi moja inakaa kiunoni ikingoja zamu yake. Mkono wa pili unapanda kutoka tumboni, unapita mbele ya uso, na kuisukuma ngumi ya adui ipite juu ya kichwa. Kwa kuwa hakuna mtu pale aliyewahi kupanda farasi, wanafunzi waliuita msimamo wa punda.

Mulei aliujaribu msimamo wa punda siku ya soko, Migwani, mlevi mmoja wa steji ya matatu alipomkaba mama muuza ndengu akidai pesa ya chai. Mwalimu wetu aliingilia kati. Alipanua miguu, akashusha magoti, akavuta ngumi kiunoni, akavuta pumzi. Mlevi alimzaba kofi la kushoto, halafu la kulia, ngumi ya Mulei ikiwa bado kiunoni. Jamaa hakuwa amefundishwa kungoja. Mama wa ndengu ndiye aliyemaliza kazi kwa kutumia debe.

Kitonga aliposimuliwa alisema magoti hayakushuka vya kutosha. Mulei, sikio likiwa bado limevimba, alibisha. Walibishana mwaka mzima, na katika mwaka huo Mulei aliifumua ile kinga kama fundi anayefumua suti kuukuu. Msaidizi wake alikuwa mkewe, Mama Kavindu, aliyepewa ruhusa ya kumpiga kwa mwiko wakati wowote bila onyo. Mama Kavindu aliikubali kazi hiyo kwa moyo mkunjufu hata majirani wakaingiwa na wasiwasi.

Aliona kwamba mtu wa barabarani hakupigi ngumi akiwa mbali. Anakuja karibu, anashika kola, anavuta mkoba, anazaba kofi. Ngumi inayokaa kiunoni inauacha uso uchi. Miguu iliyopanuliwa haifai kwenye mteremko wa huku Mbooni, alikohamia baadaye, na haifai kabisa ndani ya sketi ya shule. Kwa hiyo alibakiza mkono unaopanda tu, na mengine akayatupa. Mikono yote miwili inakaa juu tangu mwanzo, viganja wazi, kama mtu anayesema yaishe, sitaki maneno. Kofi likija, mkono unakunjwa na kuziba sikio, kiwiko kikitangulia mbele. Hutakiwi kurudi nyuma. Unaingia hatua moja ndani, karibu na kifua cha mpigaji, mahali ambapo kofi halina nafasi ya kuchukua nguvu. Unasukuma, unapiga nduru, unakimbia kuelekea penye watu. Hakuna kubaki kuona umefanya nini.

Darasa la Ijumaa lilianza wasichana waliporudi kutoka likizo fupi wakilia kwamba vijana wa steji wanawashika njiani. Mwalimu wa kike aliyekuwa zamu aliwaambia wavae sketi ndefu. Mulei aliwaambia waje uwanjani. Wazee wa kanisa walikuja kuuliza kama kuinamiana kwa Wachina si kusujudia roho za kigeni. Akabishana nao kidogo, kwa ajili ya heshima yake tu, kisha akaondoa kuinama na kuweka sala. Binti wa mchungaji akawa wa kwanza kwenye mstari.

Kumbe kilichowashinda wasichana hakikuwa kiwiko, ilikuwa nduru. Mtoto wa kike amelelewa akiambiwa ashushe sauti, leo umwambie apige kelele hadharani? Wengine walitoa sauti ya paka. Mulei aliwapanga ukingoni mwa uwanja, wakitazama mashamba ya ng'ambo ya bonde, na hakuna aliyeruhusiwa kwenda chai mpaka mtu anayelima matuta kule ainue jembe kuonyesha kwamba amesikia. Akina mama wa ng'ambo waliuzoea mchezo huo na wakawa wakali. Walikuwa na sifa ya kutoinua jembe kwa nduru ya mzaha.

Hapa ndipo uchangamfu unapopungua, na aliye na haraka ya chakula anaweza kuruka.

Mwaka jana, siku ya kurudi kutoka likizo fupi, mwanafunzi wetu wa kidato cha tatu aitwaye Nzisa alikuwa akipanda njia ya mkato kutoka steji, mchana kweupe, sanduku kichwani. Kijana mmoja wa bodaboda alimzibia njia na kumshika sweta shingoni. Jina lake silitaji. Yeye hayupo leo, ila baba yake ameketi meza kuu. Nzisa aliliachia sanduku, akainua mikono, akamwambia, "Niache nipite." Kofi lilipokuja, kiwiko kilitangulia. Aliingia hatua moja ndani, pua ya kijana ikakutana na kiwiko, naye akaporomokea kwenye tuta la chini na kuvunjika mkono. Nzisa akapiga nduru. Ng'ambo ya bonde jembe liliinuliwa, na mwenye jembe akateremka mbio kuja kushuhudia. Alifanya yote aliyofundishwa, kwa mpangilio aliofundishwa. Mimi sijawahi kuona mwanafunzi wangu wa insha akifuata maagizo vizuri hivyo.

Bodi ya shule ilisikia hadithi nyingine, kwamba kijana alikuwa akisalimia tu. Mama wa jembe alikuja hadi ofisini kutoa ushahidi. Akapewa chai, akashukuriwa, na hakuitwa tena. Nzisa akarudishwa nyumbani kwa kosa la kupigana hadharani akiwa na sare ya shule.

Kisha wajumbe wawili wa bodi wakamwendea Mulei nyumbani. Walimwambia, "Mwalimu, sema tu kwenye mkutano wa wazazi kwamba hiyo ni michezo, na msichana alikosea. Jumatatu atakuwa darasani na mambo yaishe." Mulei akauliza, Jumatatu? Wakasema Jumatatu. Mama Kavindu alikuwa jikoni akisikia, na ndiye aliyenisimulia. Anasema mumewe alikubali, kwa sababu mtihani wa mtoto ulikuwa mkubwa kuliko jina lake.

Basi akasimama mbele ya wazazi. Mtu huyu, anayebishana na refa mpaka taa za uwanja zizimwe, alisema maneno machache sana. Alisema tunayofundisha ni mazoezi ya viungo. Alisema Nzisa aliyatumia vibaya. Alisema, "Alikosea." Baba wa kijana akapiga makofi, na wengine wakafuata.

Nzisa alikuwepo. Alikuwa ameambiwa aje tayari kurudi shuleni, kwa hiyo alisimama nyuma kabisa karibu na mama yake, sanduku miguuni, na hakuna mtu aliyekuwa amemweleza habari ya makubaliano. Mimi nilikuwa kando yake. Hakulia. Alimwinamia mama yake akamuuliza, "Huyo ni Mwalimu Mulei?" Alikuwa akimwona vizuri sana. Jua lilikuwa linawaka.

Jumatatu ilipofika, mlinzi wa lango alikuwa na maagizo. Suala linangoja kikao cha bodi, alisema, na akawafungia nje mama na mtoto. Kikao hicho kinangojwa mpaka leo. Mulei alipiga hodi ofisini wiki baada ya wiki, akajibiwa kwa adabu kubwa, na hasira yangu inatokana na adabu hiyo zaidi ya kitu kingine chochote. Wangemfukuza kwa matusi, angalau angejua amefukuzwa.

Nzisa sasa yuko Mtito Andei kwa shangazi yake. Anahudumu katika mkahawa mmoja kando ya barabara ya Mombasa, anawapelekea madereva wa malori chai na chapati kwa sinia. Simu za Mulei hapokei. Alipokea mara moja, akasema, "Mwalimu, niko kazini," akakata.

Na darasa la Ijumaa? Liliendelea, kwa jina. Wasichana walianza kuumwa tumbo kila Ijumaa, au nguo zao zote zikahitaji kufuliwa saa ile ile. Mbula wa kidato cha nne alimuuliza mbele ya wenzake, "Mwalimu, tukishikwa kweli, tufanye ama tusifanye?" Mulei, mtu wa maoni juu ya kila kitu, akaangalia saa yake na kusema muda umeisha. Ng'ambo ya bonde akina mama walilima bila kuinua chochote, maana nduru hazikuwafikia.

Ofisi kwa upande wake iliipenda kung fu ghafla, ilipokuwa haina madhara tena. Katika ratiba ya leo, baada ya kwaya, mtaona kuna onyesho. Wasichana wameagizwa wavae suti za michezo na wafanye ule msimamo wa kale, miguu imepanuliwa, ngumi kiunoni, kwa sababu unatoka vizuri kwenye picha. Mulei alipewa ratiba hiyo ili aipitie. Hakubishana nayo hata kidogo, na hapo ndipo nilipojua ameumia.

Aliomba kitu kimoja tu. Aliomba maikrofoni, dakika chache, aseme mbele ya wazazi hawa kwamba Nzisa hakukosea, kwamba alifanya alichofundishwa, na kwamba aliyekosea ni mwalimu. Alisema alimkana mtoto hadharani, hawezi kumrudishia heshima yake chumbani. Ofisi ilimjibu kwamba leo ni siku ya furaha. Hotuba ya mstaafu ikaondolewa, na nafasi yake ikajazwa na neno la shukrani kutoka kwa mwakilishi wa bodi.

Kwa hiyo, wapendwa wageni, kile kiti chenye maua katikati ya meza kuu hakitakaliwa, na msimngoje mtu. Mulei ameondoka alfajiri kwa gari la kwanza kuteremka. Mama Kavindu amempigia shati pasi na amekwenda naye. Anataka kufika Mtito Andei saa ya chakula cha mchana, mkahawa ukiwa umejaa, asimame katikati ya madereva na sahani zao na kuyasema yale maneno kwa sauti yake ile ya uwanjani. Kule hakuna kamati ya kupitisha hotuba. Muthokoi na pilau zimeshaiva, tafadhali kuleni zikiwa bado moto. Blanketi na saa ya ukutani mlizomnunulia nitampelekea mwenyewe.

Kurasa hizi nimezipeleka kwa mpiga chapa wa Kikima bila kuzipitishia ofisini. Makosa ya chapa ni yake. Mengine yote ni yangu, na anayetaka kuniuliza ataniona Jumatatu katika majilisi.

Mwalimu Mulei, kwa niaba ya walimu wenzako, asante kwa kila msichana aliyefika nyumbani salama na hatukuwahi kusikia habari zake. Wengine wamekutakia maisha mema, na kadi zao nimezihifadhi. Mimi sijui kama Nzisa atakusikiliza. Anaweza kukugeuzia mgongo mbele ya mkahawa mzima, na haki hiyo anayo. Nakutakia tu kwamba ukishamaliza kusema, aweke sinia lake chini.

Bilha Irungu,
Idara ya Kiswahili